Jinsi ya kuifunga modeli ya saketi kabla haijatoka mkononi mwako

Mafundi wa sola hapa Lamu tumeanza kuuza kitu kisichoshikika. Zamani mteja alinunua paneli, betri na waya, akalipa na kazi ya mikono, basi. Siku hizi mhandisi wa Nairobi au mwenye hoteli Malindi anataka kwanza aone kwenye kompyuta mtambo utakavyofanya kazi. Pampu ya maji ikianza kuvuta, volteji itashuka kiasi gani? Betri iliyokaa miaka mitatu katika joto la pwani itabeba friji ya samaki hadi alfajiri, au itazima saa nane za usiku? Jibu limo ndani ya modeli: faili ndogo ya maandishi, mara nyingi haijazi hata kurasa mbili, lakini iliyobeba miezi mizima ya kupima. Anayeipata faili hiyo wazi ameipata kazi yote bila jasho.

Mwongozo huu ni wa fundi au mhandisi anayetaka kumpa mteja modeli aitumie, bila kumpa kilichomo. Nitakaa sana kwenye LTspice, simuleta (programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta), kwa sababu ni ya bure na ndiyo iliyozoeleka kwa mafundi na wanafunzi wasioweza kulipia leseni. Programu nyingine nitazigusa mwishoni.

Jua kwanza kufuli lenyewe lina nguvu gani

Simuleta nyingi za saketi zimezaliwa na SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, kazi ya Laurence Nagel chini ya Donald Pederson. Ilitolewa kwa umma, na lugha yake ya maandishi ndiyo ambayo PSpice, HSPICE, LTspice na ngspice wanaizungumza hadi leo, kila mmoja kwa lahaja yake. Kwa hiyo modeli moja, ukiirekebisha kidogo, husomeka kwingi. Na kwa hiyo hiyo, mtu yeyote mwenye Notepad anaweza kuisoma.

Usimbaji fiche unayageuza maandishi hayo kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Mteja akiifungua faili haambulii kitu, ila simuleta yake inaifumbua ndani kwa ndani, inakokotoa, inamtolea grafu. Hapo penye kufumbua ndipo penye udhaifu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na simuleta ndiyo kata yenyewe: haiwezi kuchota bila kufika ndani. Maana yake njia ya kufumbua imo kwenye programu, na programu imo kwenye kompyuta ya mteja.

Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri uwe salama hata adui akiujua wote, mradi tu ufunguo asiwe nao. Katika LTspice nakala yoyote ya programu inaweza kuifumbua faili, na wewe huchagui nenosiri lako. Zana za kufumbua faili za namna hii zimeshachapishwa wazi mtandaoni. Hata kwenye usanifu wa chipu, ambako kuna kiwango cha kimataifa cha kufungia maandishi ya usanifu kiitwacho IEEE 1735 na pesa nyingi zaidi ziko hatarini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2017 kwamba kiwango hicho kilikuwa na kasoro zinazomwezesha mtu kuyapata maandishi ya ndani bila kuwa na ufunguo.

Je, tuache kufunga? Hapana. Kufuli hili linamzuia mteja mwaminifu asichungulie kwa bahati mbaya, linamzuia mwanafunzi wa mazoezi ofisini kwake asinakili mistari na kuibandika kwenye kazi nyingine, na linamlazimisha mwenye nia mbaya avunje kwa kusudi. Kitendo hicho cha kusudi ni rahisi zaidi kukieleza mbele ya wakili. Lakini kwa sababu kufuli linaweza kuvunjwa, kazi kubwa inafanywa kabla ya kufunga. Hatua mbili za kwanza hapa chini ndizo zenye uzito kuliko zote, na ndizo watu wanazoziruka.

Hatua ya 1: Tenga kilicho siri na kisicho siri

Usimbaji fiche unaficha maandishi. Tabia ya modeli kwenye ncha zake hauifichi, wala hauwezi kuificha, maana tabia hiyo ndiyo mteja aliyoilipia.

Chukua modeli ya betri ya risasi ya volti 12. Mteja anaiunganisha kwenye simuleta, anaitwisha mzigo wa ampea 10 kwa ghafla, anatazama. Volteji inaruka kutoka 12.60 hadi 12.52 papo hapo. Amekwisha kuujua ukinzani wa ndani: 0.08 gawanya kwa 10, yaani miliomu 8. Halafu volteji inaendelea kushuka polepole kwa mkunjo. Kutokana na mkunjo huo anapata ukinzani wa pili na kapasita inayokwenda nao. Dakika tano, na hajavunja kufuli lolote.

Kwa hiyo usihangaike kuficha miliomu 8. Jiulize ni kipi ambacho hakipatikani kwa majaribio mepesi kwenye ncha. Kwa betri za huku kwetu, kwa maoni yangu, siri ya kweli ni jinsi uwezo unavyopungua kadiri joto na umri vinavyopanda kwa pamoja, kwa sababu hapo lazima uwe umepima betri nyingi, za umri mbalimbali, ndani ya nyumba zetu za matumbawe na nje juani. Mlinganyo unaoviunganisha hivyo ndio mali yako. Kwa chaja, siri huenda ikawa ni jinsi unavyoitafuta nguvu ya juu ya paneli wingu linapopita. Kwa inveta ya pampu, ni namna unavyoipandisha frekwensi taratibu ili mota isishtuke.

Viandike kwenye karatasi, safu mbili. Safu ya siri ikizidi mambo matatu au manne, rudi uipunguze, maana mtu akiita kila kitu siri huishia kulinda vyote nusunusu.

Hatua ya 2: Ondoa usichohitajika kukitoa

Kisichokuwemo ndani ya faili hakiibiwi. Mteja wa Malindi anayetaka kujua hali ya mtambo wake kati ya nyuzi 25 na 35 hana haja na data yako ya nyuzi 10 wala ya 60. Kata jedwali liishie anapohitaji. Kama mlinganyo wako unatoa mkunjo fulani, mpe mkunjo wenyewe kwa pointi za jedwali, mlinganyo ubaki nyumbani. Jedwali likija kufumbuliwa, litasema matokeo ni nini. Sababu yake halitaisema.

Baadaye safisha maandishi. Ukichora saketi kwenye LTspice na kutoa netilisti (orodha ya maandishi ya vifaa na jinsi vinavyoungana), tazama mstari wake wa kwanza na ile ya mwisho:

```
* C:\Users\fundi\Desktop\HOTELI_SHELA\betri_mpya3.asc
...
.model D D
.lib C:\Users\fundi\Documents\LTspice\lib\cmp\standard.dio
.backanno
.end
```

Mstari wa kwanza unamtangazia mteja mpya jina lako la mtumiaji kwenye kompyuta na jina la folda ya mteja wako wa zamani. Ufute. Mistari ya `.lib` yenye njia ya kwenye diski yako itavunjika kwa mwenzako, kwa hiyo lete ndani ya faili ile modeli moja ya dayodi unayoitumia na uiondoe njia. `.backanno` na `.end` havina kazi ndani ya kijisaketi, yaani saketi ndogo iliyofungashwa ili iitwe ndani ya nyingine. Viondoe pia.

Majina ya nodi, yaani sehemu vifaa vinapoungana, nayo yanasema mengi. Nodi inayoitwa `sulfati` au `joto_sahani` inamfunulia mtu fikra zako hata kabla hajasoma hesabu. Zibadilishe ziwe `n1`, `n2`, `n3`. Maelezo yote uliyojiandikia pembeni, futa. Najua kufunga kutayaficha, ila tumeshakubaliana kwamba kufuli si la kutegemewa peke yake.

Na ukiwa umetumia ndani yake modeli ya transista kutoka kwa kiwanda fulani, soma masharti yaliyo juu ya faili ya kiwanda hicho. Wengi wanaruhusu utumie lakini hawaruhusu ugawe. Kuifunga modeli ya mwenzio ndani ya yako na kuiuza ni kumfanyia yeye kile kile unachokiogopa wewe.

Hatua ya 3: Ivishe sura ya nje inayoeleweka

LTspice hufunga faili nzima, hakuna nusu wazi nusu imefungwa. Kwa hiyo tengeneza mafaili mawili. La ndani lina kijisaketi chenyewe, na ndilo litakalofungwa. La nje liko wazi, lina maelezo na mstari mmoja wa kuliita la ndani:

```
* BETRI12, betri ya risasi 12 V, toleo 2
* Ncha: chanya, hasi, kiwango (0 hadi 1 V = tupu hadi kujaa)
* Vigezo: Ah = uwezo; S0 = chaji ya kuanzia; Joto = 25 hadi 35
* Haitoi majibu sahihi kwa mkondo unaozidi ampea 50
.include BETRI12_ndani.lib
```

Mstari wa nne una thamani kubwa. Mteja haoni ndani, kwa hiyo hana njia ya kujua modeli inaishia wapi kusema kweli. Usipomwambia, ataitumia kwa ampea 200, apate grafu nzuri ya uongo, na lawama zitakurudia. Unapomfungia mtu mlango wa kuhakiki mwenyewe, umejitwika deni la kumweleza mipaka.

Hatua ya 4: Hifadhi asili, kisha funga nakala

Usifunge faili ya asili. LTspice inaandika juu ya faili ile ile unayoipa, na haina amri ya kukurudishia maandishi. Tengeneza nakala, uipe jina jingine, ufanye kazi kwenye nakala hiyo.

Asili iwe mahali pawili palipotengana. Upepo wa chumvi wa huku unakula bodi za laptopu na plagi za USB kimya kimya. Diski moja tu mezani si akiba. Weka moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mtaa mwingine au hata bara kule Mokowe, zote zikiwa zimefungwa kwa nenosiri.

Sasa fungua dirisha la amri la Windows, uandike:

```
"C:\Program Files\ADI\LTspice\LTspice.exe" -encrypt "C:\kazi\BETRI12_ndani.lib"
```

Kwenye matoleo ya zamani programu inaitwa `XVIIx64.exe`, na folda yake ni nyingine. Tafuta palipo kwako.

Ifungue sasa faili kwa Notepad. Juu utaona maelezo ya Kiingereza kwamba hii ni faili ya LTspice iliyosimbwa, na kwamba ruhusa ni ya kuigia saketi tu, si ya kuchimbua kilichomo. Chini yake ni safu za jozi za herufi na tarakimu. Ukiona bado `.subckt` (neno linaloanzisha kijisaketi) na namba zako, amri haikufanya kazi. Mara nyingi ni njia ya faili iliyoandikwa bila alama za nukuu.

Hatua ya 5: Jaribu kama mteja, kisha jaribu kama mwizi

Kama mteja: chora saketi moja yenye betri mbili, ya wazi na iliyofungwa, mzigo ule ule. Ile ya wazi ipe jina tofauti ndani ya faili, tuseme `BETRI12W`, la sivyo majina yatagongana. Chora tofauti ya volteji zake mbili. Inapaswa kuwa sifuri au karibu kabisa na sifuri muda wote. Halafu peleka mafaili kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na folda zako, uone kama yanafunguka yenyewe. Njia iliyosahaulika ya kwenye diski hugundulika hapo. Ukitumia kompyuta ya saiba, futa mafaili ukimaliza na uhakikishe hayakubaki kwenye pipa la taka.

Kama mwizi: washa chaguo la kuhifadhi volteji za ndani ya vijisaketi, endesha, tazama orodha ya mawimbi. Kuna jina lolote la ndani lililojitokeza? Iharibu saketi kwa makusudi, mathalani ipe `Ah=0`, usome ujumbe wa kosa na faili ya `.log`. Ujumbe wa kosa unaweza kutaja kifaa cha ndani kwa jina lake. Kama majina yako ni `n1` na `n2`, hakuna hasara. Mwisho fanya lile jaribio la ampea 10 la hatua ya kwanza, uone mwenyewe kinachopatikana kwenye ncha. Ukikuta kitu ulichokiandika kwenye safu ya siri kinasomeka kwa majaribio machache, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Kila mteja nakala yenye alama yake

Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko kufuli lenyewe, kwa sababu linaishi hata baada ya kufuli kuvunjwa. Kabla ya kufunga, badilisha tarakimu ya nne ya thamani mbili tatu ambazo hazina athari kwenye matokeo. Mteja wa kwanza apate ukinzani wa miliomu 8.003, wa pili 8.006, wa tatu 8.001, na kapasita nazo vivyo hivyo. Hakuna betri ya kweli inayotofautiana na mwenzake kwa kiasi kidogo hivyo, kwa hiyo hujamdanganya mtu. Lakini modeli yako ikionekana mahali isipostahili, imefungwa au imefumbuliwa, unaipima kwenye simuleta na unajua ilitoka kwa nani.

Weka daftari: jina la mteja, tarehe, toleo, thamani zake za alama, na alama ya SHA-256 ya faili uliyomtumia (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili; herufi moja ikibadilika, nayo hubadilika). Kwenye Windows hiyo ya mwisho unaipata hivi:

```
certutil -hashfile BETRI12_ndani.lib SHA256
```

Hatua ya 7: Tuma, na uandikiane

Kufuli la LTspice halilindi faili njiani, maana yeyote mwenye LTspice anaweza kuitumia. Ifungashe yote kwa 7-Zip, chagua AES-256, aina ya usimbaji fiche, weka nenosiri refu, na uwashe chaguo la kuficha hata majina ya mafaili. AES ni kiwango cha Marekani tangu 2001, na hapa nenosiri ni lako na la mteja peke yenu, tofauti na kufuli la LTspice. DES iliyoitangulia, yenye ufunguo wa biti 56, ilivunjwa mwaka 1998 na mashine maalumu kwa chini ya siku tatu; ukikuta programu ya zamani inakupa DES, ikatae. Faili itume kwa baruapepe, nenosiri ulitaje kwa simu. Visipite njia moja.

Makubaliano yatangulie faili. Si lazima yawe marefu:

*"Modeli hii ni mali ya aliyeitengeneza. Mhandisi ameruhusiwa kuitumia kwa mradi uliotajwa hapo juu tu. Haruhusiwi kuifumbua, kuijenga upya kutokana na majibu yake, wala kumpa mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Mradi ukiisha, ataifuta na kuthibitisha kwa barua."*

Maneno "kuijenga upya kutokana na majibu yake" usiyaache, kwa sababu ndiyo yanayoziba pale usimbaji fiche usipofika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, huandikisha kazi za watu. Ukiwa na modeli inayokuletea riziki, zungumza na wakili kuhusu kuiandikisha.

Kwa wanaotumia simuleta nyingine

PSpice ina zana yake ya kufungia, na inakubali kufunga sehemu tu: unatia `$CDNENCSTART` panapoanzia siri na `$CDNENCFINISH` inapoishia. Hiyo ni nafuu, maelezo yanabaki wazi ndani ya faili ile ile. HSPICE hutumia `.PROTECT` na `.UNPROTECT` pamoja na programu ya metaencrypt. Faili iliyofungwa kwa moja haifunguki kwa nyingine, basi muulize mteja anatumia nini kabla hujaanza.

ngspice ni programu huria, haina ufunguo wa kuficha. Njia iliyopo ni kuandika modeli kwa Verilog-A, lugha ya kuelezea vifaa vya saketi, kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri iitwayo OpenVAF, na kutoa faili ya OSDI iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine. Si usimbaji fiche, lakini kuirudisha kwenye milinganyo si kazi ndogo. Na kwa wanaoshughulika na pini za chipu zenye kasi, kuna IBIS, iliyoanzishwa na Intel mwanzoni mwa miaka ya 1990: inaeleza pini kwa majedwali ya mkondo na volteji, bila kutaja transista hata moja. Hiyo ni hatua ya 2 iliyofanywa kuwa kiwango cha dunia, na mimi naiona njia bora kuliko kufuli lolote.

Mteja akirudi na lalamiko

Siku moja atakupigia: "Fundi, modeli haikubaliani na ninachokipima, nitumie iliyo wazi niiangalie." Usikasirike, usitume. Mwombe saketi yake ya majaribio na grafu aliyoipima, uiendeshe kwako kwenye modeli ya wazi, utafute tatizo liko wapi. Likiwa upande wako, tengeneza toleo la 3, funga upya kuanzia hatua ya 2, na mtumie likiwa na alama yake ile ile ya zamani kwenye daftari, SHA-256 mpya, na mstari mmoja kwenye faili la nje unaosema nini kimebadilika.